Joka Lisilo na Mama

Wewe unayenisikiliza, kaa mahali ambapo mkono wako unafika mezani, maana jambo nitakalokueleza linaanza na karatasi na kalamu, na ningependa uone kwamba si gumu. Nitakueleza tulivyoumba mnyama. Mtu yeyote anaweza kuumba mnyama, usijidharau. Ila kuna kitu nilisahau kumwandikia mnyama wangu, na hicho ndicho ninachotaka ukisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu ndicho kilichomtoa bibi wa watu nyumbani kwake.

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Nilisomea ualimu wa hisabati, nikapangiwa shule katika kijiji kimoja cha bara, ukishapita Kikole unaingia ndani zaidi kwenye mikorosho. Jina lake sitalitaja. Watu wake hawakunikosea kuliko nilivyowakosea mimi.

Chuoni niliishi chumba kimoja na mtu aliyenifundisha mchezo wa mezani ambao sikuwahi kuuona kwetu. Unachezwa hivi. Watu wanne watano wanakaa pamoja. Mmoja ni msimulizi, yeye anaeleza mahali na hali ya mambo. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, aliyeandikwa kwenye karatasi: anaweza nini, hawezi nini. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limekatika." Wao wanasema watakachofanya. Jambo likiwa na mashaka, dadu zinarushwa na namba inaamua. Hakuna ubao wala hakuna mshindi. Kuna hadithi tu, na kila aliyekaa pale anaibeba upande wake. Mimi nilitumia dadu mbili za ludo na daftari nene la kauntabuku nililolipigia mistari, na uhai wa mnyama tuliuhesabu kwa korosho zilizobanguliwa. Ukimjeruhi, unakula korosho zake.

Pale kijijini jioni za Jumamosi zilikuwa ndefu. Nikawapata watatu wa kucheza nao. Wa kwanza ni muuguzi wa zahanati, mwanamke wa Lindi mjini, mgeni kama mimi. Wa pili ni dereva wa bodaboda, baba wa watoto wawili, mwenye maneno mengi. Wa tatu ni mama mwenye mikorosho, jirani yangu, ambaye alitupa sehemu ya ghala lake tuchezee miezi ambayo hakuna magunia. Alikuja siku ya kwanza kuangalia tu kama hatumchafulii ghala. Siku ya pili alikuja na kiti chake.

Siku ya kuumba joka niliwapa masharti mepesi. Mnyama wa mchezo huandikiwa umbo, chakula, malazi, nguvu, na sehemu moja laini. Sehemu laini ni lazima, bila hiyo wachezaji hukata tamaa. Nikabandika karatasi ya manila ukutani, nikasema kila mmoja atoe kiungo cha mnyama anayemwogopa kweli, tuviunge.

Muuguzi akatoa mdomo wa mamba. "Nimeshona mguu wa mtu uliotoka humo," alisema.

Dereva akatoa mkia wa kenge. "Alinikatiza njia nikaanguka mimi, abiria na kuku wa abiria."

"Kuku alipona?" muuguzi akauliza.

"Kuku ndiye aliyepona."

Mama hakutaka kutamka. Kule mnyama wa aina ile haitwi jina lake hovyo, anaitwa "yule bwana". Akakunja ngumi, akaibonyeza kwenye vumbi la meza, kisha akachora vidole vinne kwa ncha ya kidole chake. Tukaelewa ni unyayo wa simba. Kiwiliwili na miguu vikawa vya yule bwana. Mimi niliweka mabawa ya popo, kwa sababu ya popo wa yale majengo ya Wajerumani kule Kivinje ambayo utotoni nilikuwa nikiyapita mbio. Ikabaki pumzi. Nikasema joka hutema moto. Mama akacheka.

"Moto tunauzima na mchanga, mwalimu. Mpe salfa."

Kama hujaishi na mikorosho, nikueleze. Salfa ni ule unga wa manjano wanaoupuliza kwenye miti kwa bomba ili ubwiri, ule ukungu mweupe, usile maua. Alfajiri ya kupuliza, kijiji kizima huamka na macho mekundu na koo inayowaka, na hakuna wa kumlaumu, maana kila mtu anapuliza. Kwa hiyo joka letu lilipumua salfa. Likawa linafika kabla hujaliona, kwa kukuwasha macho. Nililichora kwa kalamu ya risasi na muuguzi akalipaka rangi. Lilikuwa baya kweli, na wote tulilipenda.

Jumamosi iliyofuata nikalileta mchezoni.

"Mmeamka macho yanawasha," nikasimulia. "Si msimu wa kupuliza. Mnatoka nje, mnaliona juu ya paa la ghala, limekunja mabawa. Linawatazama. Mnafanya nini?"

Niliandaa kila kitu. Sehemu laini ilikuwa chini ya bawa la kushoto, na nilishaacha dalili mbili tatu za kuwafikisha huko. Nikangoja mishale. Hakuna aliyegusa dadu.

"Katumwa na nani?" mama akauliza.

"Hajatumwa, mama. Ni mnyama tu, ana njaa."

"Mnyama mwenye njaa anakula nguruwe. Huyu kaacha nguruwe wote wa porini, kaja kwenye paa la watu."

Dereva akaegemea mbele. "Mwalimu, mdomo umetuonyesha, mkia umetuonyesha, mwenyewe umemficha. Tutampigaje?"

"Mpigeni chini ya bawa."

"Tukimpiga huyu leo, mwenye mali si anatuma mwingine kesho? Basi huo si mchezo, huo ni utumwa."

Muuguzi alicheka, lakini naye aliniangalia akingoja jibu.

Usiwacheke. Fikiri kama wao. Mahali ambapo simba huja miaka fulani na miaka mingine haji, na akija humpita mbwa na mbuzi akamchukua mtu, swali la kwanza si ana meno mangapi. Swali la kwanza ni kwa nini huyu, kwa nini sasa. Na "kwa nini" ikikosa jibu porini, hurudi kulitafuta kijijini. Karatasi yangu ilikuwa na mistari mitano na mstari wa alikotoka haukuwepo. Wao waliuona ule upungufu mara moja, kama ninavyoona mimi mlinganyo uliokosa upande mmoja.

Kosa langu lilikuwa la mwalimu. Mwanafunzi akiuliza, nafsi yangu inaona aibu kumnyima. Nikasema haya, lina mwenyewe. Nikarusha dadu: shufwa mwanamke, witiri mwanamume. Zikatoka sita na mbili.

"Mwanamke," nikasema. "Mzee. Anakaa nyumba ya mwisho, pale njia inapoishia. Huingia porini peke yake, akatoka salama."

Maneno yalinitoka kwa urahisi nikadhani ninabuni. Basi walicheza kuliko siku zote. Dereva alijificha kwenye gunia, muuguzi akampulizia mzee dawa ya usingizi, mama akavunja chungu cha huyo mzee kilichokuwa na roho ya joka. Joka likaanguka kutoka kwenye paa. Tukala korosho zake zote tukapangusa mikono.

Tukiwa njiani kurudi, muuguzi akaniuliza polepole, "Mwalimu, yule bibi yako wa kwenye mchezo, anachimba ming'oko?"

Nilisimama. Siku mbili kabla nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa bibi wa nyumba ya mwisho, nikimenya ming'oko ya moto. Mizizi hiyo hailimwi, inafuatwa msituni, na yeye ndiye aliyebaki akiijua vizuri. Nilipofika kijijini, nikiwa sijui hata pa kuchota maji, nyumba ya kwanza kunilisha ilikuwa hiyo ya mwisho. "Shikamoo bibi," "Marahaba mjukuu wangu, kula kwanza ndiyo ulete habari." Mara moja nilimuuliza haogopi porini. Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba: anaingia jua likiwa la utosi, wakati wanyama wakubwa wamelala, anagonga jembe kwenye kopo kila hatua kumi, ili asimshtue mtu wala mnyama, akiona nyayo za nguruwe mbichi anarudi, kwa sababu yule bwana anafuata nguruwe. "Na nguruwe anafuata mahindi," alisema, "na watu wanafuata nguruwe, wanalala madunguni kuyalinda. Wote tuko kwenye njia moja, mjukuu wangu. Mie napita pembeni."

Hayo ndiyo yote. Kopo, jua na nyayo. Nilikuwa nayo kichwani siku ile ya mchezo, nikachukua kwamba anatoka salama, nikaacha sababu zake.

"Ni hadithi tu," nilimwambia muuguzi.

"Mie najua," akasema. "Karatasi itoe ukutani."

Sikuitoa. Nilikuwa naujivunia ule mchoro.

Mahindi yalipoanza kukomaa, mdogo wake mama mwenye mikorosho, mwanamume aliyekuwa akilinda shamba, hakurudi asubuhi. Dungu lake, kile kibanda cha miguu mirefu, lilikuwa limelala upande. Waliomkuta hawakutaka wanawake waende. Muuguzi aliitwa, akaenda, akarudi akanawa mikono mara nyingi kwenye ndoo yangu. Tulizika siku hiyo hiyo kilichokuwepo cha kuzika.

Msibani ndipo nilipolisikia joka letu likitembea. Watu walikuwa wameingia ghalani kutoa mikeka ya matanga, wakaikuta manila. Miguu ile. Makucha yale.

"Mwalimu alilijua kabla," mtu mmoja alisema nyuma yangu.

"Si walilivunjia chungu?"

"Walivunja cha mchezo. Cha kweli kipo kwake, nyumba ya mwisho."

"Mbona yeye kila siku anaingia humo humo na kurudi na kikapu kimejaa?"

"Wataenda kumuuliza."

Kumuuliza. Neno hilo ni la kawaida kabisa, nawe ukilisikia penginepo usishtuke. Pale lilisemwa kwa sauti ya chini na watu waliokuwa wakichonga mpini, na nilijua mtu akishaulizwa namna hiyo hajibu tena kitu chochote.

Nilikwenda kwa mama kwanza. Alikuwa amekaa chini na kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Nikampa pole, nikamwambia yule mzee wa mchezo nilimtunga mimi, hayupo, ni maneno yangu.

"Najua ulikuwa unatunga," alisema, bila hasira yoyote. "Lakini ukiwa unatunga, mwalimu, nani anakupa maneno?"

Nikaaga. Jibu lake natafuta mpaka leo.

Siku ya tatu, baada ya khitma, niliomba ruhusa kuzungumza kwenye jamvi la wanaume. Niliamini katika kueleza. Maisha yangu yote nimeona mtu akielezwa polepole, hatua kwa hatua, anaelewa. Nikaitoa kauntabuku, nikawaonyesha mistari, nikaziweka dadu mbele yao. Nikaeleza kwamba msimulizi akikwama anarusha, na namba inaamua.

Mzee mmoja wa makamo, mpole, aliyekuwa akinipenda, akainama kuziangalia. "Kwa hiyo ukirusha, namba inakwambia?"

"Inaamua tu, mzee. Kwa bahati."

"Na siku ile ilikwambia mwanamke."

"Ilitoka shufwa. Sita na mbili."

"Sita na mbili," mtu akarudia. Na mwingine nyuma yake, "Sita na mbili."

"Na kitabu unacho," mzee akasema, akiigusa kauntabuku kwa kidole. "Nyie watu wa Kivinje mna elimu hizo tangu zamani. Hiyo ni ramli, mwalimu. Usione haya."

Usione haya. Ndivyo ninavyowaambia watoto wanapokosea mbele ya darasa. Nilifungua mdomo nieleze tofauti ya bahati na ramli, nikaanza na sarafu, nikaenda kwenye uwezekano, na kila nilipomaliza sentensi waliitikia kwa vichwa kwa heshima zaidi. Walikuwa wananielewa. Walikuwa wanaelewa kwamba mtu mwenye vitabu amethibitisha.

Muuguzi alinivuta nilipotoka. "Nyamaza sasa. Unaeleza vizuri mno. Kila neno unatia kuni."

Tulichofanya baadaye hakikuwa na ujanja. Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Tulikwenda kwa dereva wa bodaboda, maana hakukuwa na pikipiki nyingine ambayo tungethubutu kuiomba, nikamwambia nataka kumtoa bibi wanaume wakiwa msikitini.

"Mie naamini ni yeye," alisema.

"Najua unaamini."

Akakaa anafuta kiti cha pikipiki, kiti kilichokuwa safi. "Yule bibi alimpa mke wangu uji siku arobaini alipojifungua," akasema. "Kama ana simba basi ana simba. Mimi nabeba abiria."

Saa ya swala tulifika kwenye nyumba ya mwisho. Bibi alikuwa anatia mpini kwenye jembe. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Mbona hukwenda kuswali?" Nikamwambia anapaswa kuondoka saa hiyo hiyo, watu wanasema yule bwana ni wake.

"Nani kasema?"

Muuguzi aliangalia chini. Ningeweza kusema watu. Watu ni jibu ambalo halina uso.

"Mimi, bibi."

Alinitazama. Hakulia wala hakunilaani. Alichukua kopo lake lililopondekapondeka, akanikabidhi jembe. "Basi libebe wewe," alisema. "Mie nina kopo langu."

Nilimpeleka Kivinje, kwa mama yangu mzazi. Sikurudi tena kijijini; baada ya wiki chache nikaomba uhamisho nikiwa huko huko. Dereva ndiye aliyekuwa akileta habari: nyumba ya bibi ilibomolewa siku ya tatu baada ya sisi kuondoka, hata mabati mawili ya jikoni yakaondoka. Baadaye askari wa wanyamapori walimpiga risasi simba kwenye mashamba ya jirani, dume zee lenye jino la juu lililovunjika na ufizi uliooza. Mnyama kama huyo hawezi tena kumshika nguruwe. Nilidhani hilo litawafungua macho. Dereva akaniambia mama mwenye mikorosho amenitumia salamu na mfuko wa korosho, kwa shukrani: mwenyewe alipotolewa, mnyama naye akafa. Korosho zile sikuweza kuzila. Mama yangu alizigawa.

Bibi aliishi nasi miezi minane. Hakupenda harufu ya samaki, ila adabu ilimzuia kusema. Saa ya jua la utosi alikuwa akichukua jembe lake, akafika mpaka kwenye mikoko, akasimama mbele ya matope, akarudi. Hapakuwa na cha kuchimba pale. Alikonda mbele ya macho yetu.

Siku moja aliniomba nimwonyeshe hilo joka. Ile manila nilikuwa nimekuja nayo, sikuweza kuichana na sikuweza kuitundika. Nikaikunjua kitandani kwake. Aliliangalia joka kwa muda, akapitisha kidole kwenye mkia, kwenye mabawa, kwenye mdomo.

"Huyu ndiye aliyenitoa kwangu?" Akacheka kidogo, cheko la kikohozi. "Hata kutembea hawezi huyu. Miguu ya yule bwana, mkia wa kenge. Ataanguka."

"Ni wa kubuni, bibi."

"Najua. Mama yake nani?"

Nikasema hana.

"Kila mnyama ana mama," alisema, sasa kwa ile sauti yake ya kufundisha kufunga kamba. "Yule bwana ana mama. Mamba anatoka yaini, na yai lina mama. Wewe wa kwako hukumpa. Mnyama akikosa mama, watu watamtafutia. Na watamtafuta wapi? Watatafuta mwanamke mzee aliye karibu."

Alifariki kabla mikorosho haijachanua tena. Tulimzika Kivinje. Kutoka kijijini alikuja mtu mmoja, dereva, na kikapu cha ming'oko ambayo aliichimba mwenyewe, vibaya, nusu imekatika. Aliniambia aliingia jua likiwa la utosi, akigonga spana kwenye kopo.

Bado nacheza, na bado nawafundisha watu kucheza. Nimefikiria kuacha, lakini watu wataumba wanyama hata nisipokuwepo, na ni heri waumbe mbele ya mtu aliyekwisha kukosea. Kwa hiyo vuta karatasi yako sasa. Kabla hujachora jino, kabla hujachora bawa, andika mstari wa kwanza juu kabisa: mnyama huyu alizaliwa na mnyama mwenzake, mahali fulani, na mama yake alikuwa hivi na hivi. Mweleze huyo mama mpaka umwone. Kisha andika chini yake: hakutumwa na mtu. Wasomee wenzako mistari hiyo miwili kwa sauti, na usiguse dadu mpaka kila aliyekaa mezani awe ameisikia.